Viazi Vina Dakika Kumi

Miaka thelathini nimeteleza palipolainishwa,
kati ya vigingi vyekundu, pale mashine inapopita usiku
na kuichana theluji kama nywele za mtoto wa shule.
Kisha Mengia ananiambia: Duri, kigingi cha mwisho si pambo.
Kuanzia pale hakuna aliyekupigia deki.

Siku ya kwanza hatukupanda popote.
Alinipeleka nyuma ya zizi la mjomba wake, hapa hapa Ardez,
ng'ombe wakituchungulia kwa pumzi nyeupe.
Alikuwa amefukia gunia la viazi, mahali nisipopajua,
na ndani yake redio ndogo inayolia peke yake.
"Viazi vina dakika kumi," akasema. "Tafuta."

Nikakimbia. Kosa.
Mshale wa kifaa ukanizungusha kama mlevi anayetafuta mlango.
Arobaini. Ishirini na mbili. Ishirini na tisa,
rudi, we mpumbavu,
tisa, tatu, moja na nusu.
Nikapiga magoti, kifaa kikiinusa theluji,
nikachomeka ufito mrefu: hapa, na hapa, na hapa,
mpaka ukagota kitu laini ambacho si ardhi.
Nikashika koleo.
"Si juu yake! Unamkanyaga!
Anzia chini ya mteremko, mwingilie kwa ubavu."
Dakika kumi na saba.

Mengia akapangusa kiazi kimoja, taratibu,
akanitia mkononi.
"Huyu ni mimi."

Tulirudia mara nne, hadi jua likatuacha.
Ya nne ilikuwa dakika saba.
Jioni viazi tukavila na jibini.

Jumamosi, saa kumi na moja alfajiri,
mikate yangu bado tanurini, tulisoma taarifa ya theluji:
kiwango cha tatu kati ya vitano.
Nikashusha pumzi; katikati, nilidhani, ni salama.
"Nne inatisha, watu wanabaki kitandani," akasema.
"Tatu inakuchekea."

Huko juu akachimba shimo, akanionyesha ukuta wake.
Mimi mwokaji, sikuhitaji maneno mengi.
Juu, unga wa juzi, mwepesi, haujaguswa na chekecheke.
Chini yake, ganda lililopigwa na upepo.
Na chini kabisa, tangu Novemba,
chembe kama sukari, hazishikani hata ukizifinya.
Keki gani hii, nikauliza, imejengwa juu ya sukari?
"Hiyo hiyo unayotaka kuikata kwa skii."

Nilitaka. Nisidanganye.
Bonde lilikuwa jeupe hadi macho yanauma,
na mistari miwili ya watu wa jana
imeshuka katikati yake kama saini ya tajiri.
Wao mbona wamepita?
"Kutangulia si kufika," akasema,
akaweka kipimo chake juu ya theluji: nyuzi thelathini na sita.

Hapo ndipo mlima ulipoguna.
Si kelele. Vumm,
chini ya nyayo, kama mtu mzito akikaa kwenye godoro la chumba cha pili.
Ufa mwembamba kama uzi ukakimbia kushoto
ukasimama.
Tukasimama nao.
Mengia hakusema kitu. Aligeuza ncha za skii zake
kule tulikotoka, na mimi nikageuza zangu.

Kwa hiyo "nje ya njia" yangu ya kwanza ilikuwa hii:
kijimteremko chini ya misonobari, mpole kama kitako cha sufuria,
yeye kwanza, mimi nikimhesabu kwa macho,
halafu mimi, yeye akinihesabu.
Kona kumi na mbili. Ya tano nilianguka,
theluji ikaniingia shingoni, nikacheka na mdomo umejaa.

Adhuhuri nilikuwa dukani nimevaa aproni.
Seraina akainua kichwa kutoka kwenye mizani:
"Duri, kitu gani kinalia?"
Nikapapasa chini ya sweta.
Redio ilikuwa bado kifuani, imefungwa kwa mikanda yake,
ikiwaambia mikate, wateja, na mke wangu
mahali hasa nilipo.

Nikachelewa kidogo kuizima.